Visima vya Baba, Visima vya Mwana

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 12:10, Mwa. 26:1–33, Kut. 34:21, Law. 25:1–7, Hes. 27:1–11; Hes. 36, Isa. 28:23–29, Yer. 35, Luka 12:13–15, Luka 15:11–32.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 26:18. Likariri kama lilivyo katika Biblia yako, kwani kila sehemu yake itahitajika juma hili: Isaka alivichimbua tena visima vya siku za baba yake, na akaviita kwa majina yale yale.

Shamba la ukoo hupima imani kwa namna ambayo mimbari haiwezi. Mtu anaweza kusema "Amina" kwa mahubiri juu ya Mungu afanyaye mambo mapya, kisha Jumapili asubuhi akasimama mbele ya mwanawe mwenye shoka na kumwambia, "Mbuni huo hauguswi. Aliupanda babu yako." Mti wenyewe haujazaa kwa miaka mingi. Lakini mzee huyo halindi kahawa. Analinda mkono uliopanda, na kumwambia kwamba mti hauna faida tena hakufiki mahali anapoumia.

Mifano mingi ya juma hili inatoka Upare wa Kusini, katika wilaya ya Same, Tanzania. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika huko mwaka 1903, na leo miteremko ile ile inalimwa na wajukuu na vitukuu vya watu waliowasikia kwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu kahawa ndiyo iliyokuwa fedha ya milimani: ada ya shule, mabati ya nyumba, sadaka ya makambi. (Ndiyo, zilikuwapo familia za Kiadventista zilizouza kinywaji ambacho hazikukiweka mezani. Jambo hilo litarudi siku ya Ijumaa.) Kisha Julai 1989 mgawo wa mauzo uliokuwa umewekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa, bei ya dunia ikaanguka, na mkulima aliyekuwa ameambiwa na baba yake kwamba kahawa haimtupi mtu, akatupwa. Huko Mamba Myamba watu waligeukia tangawizi, hata leo jina la mahali na jina la zao hutajwa pamoja.

Mabadiliko hayakungoja kukaribishwa. Neno la Mungu linasema nini kwa mwana anayesimama kwenye shamba la baba yake wakati nchi imebadilika? Na linasema nini kwa baba?

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*


JUMAPILI: Njaa ya Pili

Soma Mwanzo 12:10 na Mwanzo 26:1–6. Njaa hizi mbili zinafanana wapi? Ni nini ambacho Ibrahimu alikifanya, na Isaka akaagizwa asikifanye?

Mwandishi wa Mwanzo anasema waziwazi kwamba njaa ya siku za Isaka ni nyingine, mbali na ile ya kwanza ya siku za Ibrahimu. Msomaji anatakiwa azilinganishe. Katika njaa ya kwanza baba alishuka Misri. Tunaweza kufikiri kwamba habari hiyo ilisimuliwa mara nyingi hemani, na kwamba Isaka alipoona malisho yanakauka alijua njia ambayo wazee wake walipita. Hapo Bwana akamtokea akamwambia asishuke Misri.

Jambo hili linastahili kutafakariwa taratibu. Mungu ni yule yule. Ahadi ni ile ile. Katika fungu la 3 hadi la 5 Bwana anamwambia Isaka kwamba atakithibitisha kiapo alichomwapia Ibrahimu, na anataja utii wa Ibrahimu kuwa sababu. Lakini njia ya mwana haikuwa njia ya baba. Kama Isaka angesema, "Baba alikwenda Misri, nami nitakwenda," angekuwa ameiga hatua za baba na kuiacha imani ya baba, kwa maana imani ya Ibrahimu ilikuwa kumsikiliza Bwana anaposema.

Isaka akabaki Gerari. Fungu la 12 linasema alipanda mbegu katika nchi ile, akavuna mara mia mwaka ule. Kati ya wale wazee watatu, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, Isaka ndiye ambaye Biblia inaeleza habari zake za kupanda na kuvuna katika Kanaani. Baba yake alijulikana kwa mifugo na mahema. Isaka aliendelea na mifugo, tena akaingia kwenye kilimo, katika mwaka wa njaa, mahali ambapo mtu mwenye busara ya kawaida asingetupa mbegu ardhini. Hakuna neno la kumlaumu. Andiko linasema Bwana alimbariki.

Je, kuna jambo katika familia yako linalofanywa kwa sababu tu wazee walilifanya? Utajuaje kama ni imani yao au ni hatua zao tu?


JUMATATU: Visima Vilivyofukiwa

Soma Mwanzo 26:12–22. Orodhesha visima vyote vinavyotajwa. Kipi kilikuwa cha zamani, na kipi kilikuwa kipya?

Waliovifukia visima vya Ibrahimu walikuwa Wafilisti, nao walivijaza kifusi baada ya kufa kwake. Isaka alikuwa na mali ya kutosha kuanza upya mahali pengine. Hata hivyo alianza kwa kuchimbua visima vile vile, na baada ya kuvichimbua hakuvipa jina lake. Kila kimoja kiliitwa kama baba yake alivyokiita. Hapo ndipo heshima yake kwa baba inapoonekana: ilikuwa kazi ya sepeto, ya kuondoa udongo mpaka maji yaonekane tena. Mtoto anayesema anamheshimu marehemu baba yake huku kisima cha baba kimejaa kifusi, bado hajafika alipofika Isaka.

Halafu fungu la 19 linafungua ukurasa mwingine. Watumishi wa Isaka wakachimba bondeni wakapata maji ya kububujika. Hicho hakikuwa cha Ibrahimu. Wachungaji wa Gerari wakakigombania, Isaka akakiita Eseki, yaani ugomvi, akaondoka. Cha pili kikagombaniwa pia, akakiita Sitna. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa sasa Bwana alikuwa amewapa nafasi. Vya baba vilibaki na majina ya baba, na vipya vikapewa majina kutokana na yale ambayo mwana mwenyewe aliyapitia. Isaka alihitaji vyote.

Wapare wanaielewa sura hii kuliko watu wengi. Tangu kabla ya ukoloni, koo za Upare wa Kusini zilichimba ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokaa juu ya mashamba. Usiku, wakati hakuna anayemwagilia, maji ya kijito huingizwa ndani ya ndiva. Asubuhi tundu la bwawa hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Kijito ambacho peke yake kingepotelea njiani kwa udogo wake, kikikusanywa usiku kucha kinatosha kufika kwenye mahindi. Hakuna aliyewaletea wazee hao mchoro wa ramani. Walitazama maji na mlima, wakaelewa.

Lakini ndiva hujaa tope. Mfereji hupasuka, mizizi huingia ukutani, na ndiva iliyoachwa miaka michache hugeuka kuwa kidimbwi cha vyura. Kila kizazi lazima kiichimbue tena kwa msaragambo, kila kaya ikileta jembe lake. Ndiva nyingine zimejengewa kuta za saruji katika miaka ya karibuni, na pengine wako wazee waliotikisa kichwa walipoona mifuko ya saruji ikipandishwa mlimani, wakisema udongo wa babu ulitosha. Ulitosha kwa maji ya siku za babu. Siku hizi, mvua za vuli zinapochelewa na kijito kinapokuwa chembamba, maji yanayovuja ukutani usiku ndiyo yale yale ambayo mtu wa mwisho kwenye mfereji atayakosa asubuhi. Saruji hapo haiondoi kazi ya babu. Inaifikisha kwa mjane anayekaa mwisho wa mfereji.

Angalia pia jinsi Isaka alivyoshughulikia ugomvi. Alikuwa na haki, na mara mbili aliiacha. Familia nyingi hupoteza shamba zima kwa sababu ya kisima kimoja. Ndugu wawili hushindana barazani miaka kumi juu ya mpaka wa hatua tatu, na kufikia hukumu, pande zote mbili zimekwisha kuuza ng'ombe.

Soma tena fungu la 25. Isaka alifanya mambo matatu alipofika Beer-sheba: madhabahu, hema, kisima. Mpangilio huo unakuambia nini juu ya mtu huyu?


JUMANNE: Mkulima Aliyefundishwa

Soma Isaya 28:23–29. Nani anamfundisha mkulima? Kwa nini mkulima hatumii njia moja kwa kila mbegu?

Nabii anauliza kama mkulima hulima tu siku zote bila kupanda. Sivyo. Akisha kusawazisha udongo, hupanda kila mbegu mahali pake, ngano kwa safu, shayiri mahali palipochaguliwa. Wakati wa kuvuna pia, mbegu ndogo kama jira hazipurwi kwa gurudumu la gari. Hupigwa kwa fimbo. Kisha Isaya anasema hekima hiyo yote hutoka kwa Bwana wa majeshi. Kubadili njia kulingana na mbegu, udongo na wakati kumehesabiwa hapa kuwa mafundisho ya Mungu. Wako waumini wanaodhani kwamba afisa ugani anafundisha mambo ya dunia na mchungaji anafundisha mambo ya mbinguni. Isaya hangekubali mgawanyo huo.

Chukua tangawizi. Ilipoingia milimani ilileta fedha, na watu wakaipanda mwaka baada ya mwaka kwenye shamba lile lile. Lakini tangawizi ina magonjwa ya kuoza yanayokaa kwenye udongo na kusafiri ndani ya mbegu. Tunguu linaonekana zima mkononi, linapandwa, kisha majani yanageuka manjano kabla ya wakati na chini kunanuka. Mkulima akichukua mbegu kwenye shamba hilo na kumpa shemeji yake, amempa na ugonjwa. Dawa yake kubwa haiuzwi dukani. Ni kuchagua mbegu safi, kuondoa mimea inayougua, na kuacha kupanda tangawizi hapo kwa miaka kadhaa, mahali hapo papandwe mahindi au maharage. Kwa maneno mengine, udongo unahitaji kupumzishwa na kile kinachouchosha.

Walawi 25:1–7 iliamuru nchi nayo iwe na sabato yake kila mwaka wa saba. Agizo hilo lilitolewa kwa Israeli katika nchi yao, nasi hatulifuati kama sheria ya kanisa. Lakini linatuonyesha jinsi Mungu anavyoitazama ardhi. Si mtumwa. Mwenye ardhi kwa Biblia ni Bwana, na anayeilima ni mgeni na msafiri pamoja naye (Law. 25:23). Mtu anayelitazama shamba hivyo hushindwa kulikamua mpaka tone la mwisho, kwa kuwa si lake hata kidogo, na kuna mtoto ambaye hajazaliwa atakayelikuta.

Vivyo hivyo na mmomonyoko. Mteremko mkali ukipandwa tangawizi huchimbwa wote wakati wa kuvuna, na masika ikikuta udongo uko wazi huuteremsha mpaka bondeni. Fanya juu, yaani mtaro unaochimbwa kwa kukingama na mteremko huku udongo ukitupwa upande wa juu, kisha mabingobingo yakapandwa kwenye tuta, huzuia maji na kulisha ng'ombe. Kazi yake ni ngumu na faida yake haionekani msimu wa kwanza. Mzee wa miaka sabini anayekubali kuchimba fanya juu anafanya jambo la imani, kwa maana anajenga ngazi atakayoipanda mwingine.


JUMATANO: Yale Yasiyobadilika

Soma Yeremia 35:1–11. Yonadabu aliwaamuru wanawe nini? Je, walipokuwa wakizungumza na Yeremia walikuwa wanakaa wapi, na kwa nini?

Warekabi hutumiwa mara kwa mara kuwa mfano wa watu wasiobadilika. Baba yao aliwaagiza wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu, wasiwe na shamba la mizabibu, bali wakae hemani siku zote. Yeremia aliwawekea divai mbele yao ndani ya nyumba ya Bwana, wakakataa. Mungu aliwasifu.

Ila fungu la 11 hupitwa upesi. Warekabi hao walikuwa ndani ya Yerusalemu. Jeshi la Wakaldayo lilipopanda juu ya nchi, walisema, na twende mjini. Watu wa mahema walikuwa wamehamia kwenye kuta za mawe, mahali ambapo baba yao asingewatarajia. Hawakufa mashambani kwa ajili ya hema, kisha wakafika mjini na kukataa kikombe. Walijua kupambanua, katika urithi wao, lipi lilikuwa mahali pa kukaa na lipi lilikuwa uaminifu. Mtu asiyeweza kupambanua hivyo atakosea upande mmoja au mwingine: ama atakufa kwa ajili ya hema, ama atakunywa divai kwa sababu hema limekwisha kuachwa.

Upande wa pili unahitaji kusemwa kwa nguvu ile ile, maana vijana nao hukosea. Si kila kinachoitwa maendeleo ni kisima. Tuseme zamu ya maji ya ndiva imeangukia siku ya Sabato. Wiki haijanyesha, mahindi yanatoa mbelewele, na zamu inayofuata ni baada ya siku nyingi. Kijana amesoma, amefanya hesabu, anajua kwa usahihi ni magunia mangapi yatapotea. Anasema, "Baba, Mungu anaelewa. Mambo yamebadilika."

Soma Kutoka 34:21. Kwa nini Mungu anataja hasa wakati wa kulima na wakati wa kuvuna?

Anataja nyakati hizo kwa sababu ndizo nyakati ambazo amri inauma. Kupumzika wakati hakuna kazi si vigumu. Basi baba katika mfano huu hana ruhusa ya kubadili siku, lakini ana nafasi kubwa ya kubadili zamu. Anaweza kwenda kwa jirani wa Kilutheri mapema, si Ijumaa jioni kwa kukimbia, na kumwomba wabadilishane. Naye siku ya Jumapili ampe yule jirani nafasi ya kwenda kanisani bila hofu ya mfereji wake. Jirani Mwislamu naye ana saa zake za Ijumaa. Kamati ya maji ikielezwa kwa heshima na kwa wakati, mara nyingi husikia. Na pale isiposikia, mwamini hubaki na uchaguzi ule ule waliokuwa nao Warekabi mbele ya kikombe, nao una gharama, na watoto watakuwa wakitazama jinsi unavyolipwa.

Katika kazi yako, ni mambo gani ni "hema" na ni mambo gani ni "divai"? Je, wazee na vijana wa kundi lako wangekubaliana kuhusu orodha hiyo?


ALHAMISI: Nani Atapewa Jembe?

Soma Hesabu 27:1–11. Binti za Selofehadi waliomba nini, na Bwana alijibu nini kuhusu maneno yao?

Walikuwa dada watano, baba yao amekufa jangwani, na hapakuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi, jina la baba lingefutika. Hawakunung'unika jikoni. Walisimama mbele ya Musa, Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakasema. Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wanenalo ni sawa. Sheria ya urithi ikapanuliwa kwa ajili ya Israeli yote.

Hadithi haikuishia hapo. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo walileta wasiwasi wao: binti hao wakiolewa kabila jingine, shamba litahama. Mungu hakuwafukuza wazee hao kwa kuwaita watu wa zamani. Aliwasikia pia, na agizo likaongezwa. Huu ndio mfano bora wa mabadiliko katika familia: dada wanasema, wazee wanasema, na kila upande unakubali kwamba neno la mwisho si lake. Ukifika Yoshua 17:3–6, dada hao wanapokea ardhi yao kweli.

Tanzania nayo imebadili sheria yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha kanuni ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Imeandikwa. Lakini makanisa yetu yanajua ni binti wangapi wanaolima shamba la baba miaka ishirini, wanamwogesha na kumlisha katika ugonjwa wake, kisha siku ya arobaini tangu mazishi kaka aliyekuwa Dar es Salaam anakuja na mnunuzi. Ndugu huyo pengine ni shemasi. Sheria ya nchi imekwisha kusema, Biblia ilisema kabla yake, na bado kikao cha ukoo hukaa kama vile hakuna aliyesikia.

Soma Luka 12:13–15 na Luka 15:11–12, 25–31. Mali iligawanywa lini, na kwa nani?

Katika mfano wa mwana mpotevu kuna jambo dogo ambalo darasa linaweza kuwa halijaliona. Fungu la 12 linasema baba aliwagawia vitu vyake, yaani wote wawili. Mkubwa naye alikwisha kupata sehemu yake. Hata hivyo katika fungu la 29 analalamika kwamba hajapewa hata mwana-mbuzi. Alikuwa anaishi kwenye shamba lake mwenyewe kama kibarua. Ama hakuelewa, ama hakuna aliyemwambia kwa maneno ya kutosha, mpaka siku ya ugomvi baba alipolazimika kutoka nje na kumweleza kwamba vyote alivyo navyo ni vyake.

Wako wana wa namna hiyo leo. Mtu ana miaka arobaini na mitano, ana watoto sekondari, na hajui kipande kipi ni chake. Akitaka kuchimba fanya juu anaomba ruhusa. Akitaka kujaribu parachichi anaambiwa angoje. Baba yake si mchoyo. Anaogopa tu kwamba akigawa atasahauliwa, atakuwa mzee wa kukaa kwenye kigoda akisubiri chai. Hofu hiyo si ya bure, na mwana anayeicheka hajafikiri. Na mwana naye ana hofu yake: kwamba akimwaga nguvu zake hapo, siku moja ndugu sita watatokea na kudai hatua zao. Hofu hizi mbili hukaa meza moja, hula makande sahani moja, na hazisalimiani.

Kinachohitajika mara nyingi ni mazungumzo ya wazi wakati baba yuko hai na akili yake ni timamu. Mama awepo, binti wawepo, na walio mjini wapigiwe simu. Mipaka itembelewe kwa miguu, mzee akisema kwa kinywa chake mwenyewe pa nani ni wapi, na kisha iandikwe. Kijiji kinaweza kutoa hatimiliki ya kimila, na majina ya mume na mke yote mawili yanaweza kuwamo. Mzee aachiwe kipande chake alime apendavyo, na mibuni yake mitano ya babu ikae hapo mpaka yeye mwenyewe aseme. Hakuna hasara katika miti mitano. Wako vijana ambao wangepata ekari mbili mapema zaidi kama wangejua kuiacha miti mitano kwa heshima.

Yesu alipoombwa awe mgawanyi wa urithi, alikataa, akaonya juu ya choyo. Hakukataa kwa sababu jambo la urithi ni dogo. Alijua kwamba ndugu wawili wakija kwake kila mmoja akitaka hukumu, shamba limekwisha kuwapotea kabla halijagawanywa.


IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Mwanzo 26 yote kwa sauti, familia ikiwa pamoja kama inawezekana, kabla ya jua kuzama. Mwombe mzee kuliko wote nyumbani asimulie shamba lilipatikanaje, nani alifyeka kwanza, maji yalitoka wapi. Vijana wasikilize bila kukatiza. Kisha mwombeni kijana kuliko wote aseme anachokiona shamba hilo likiwa miaka ishirini ijayo, na mzee naye asikilize bila kukatiza. Sehemu ya pili ndiyo huwa ngumu.

Maswali ya Kujadili:

Isaka aliyaacha majina ya visima kama baba alivyoyaweka. Katika familia au kanisa lako, ni "majina" gani yanayostahili kubaki hata kazi ikifanywa kwa njia mpya?

Baadhi ya wazee wetu walisomesha watoto kwa kahawa ambayo wao wenyewe, kwa ajili ya afya, hawakuinywa. Darasa lijadili kwa upole, bila kuwahukumu waliolala: je, zao tunalouza lina uhusiano gani na yale tunayoamini? Je, swali hilo linagusa mazao mengine au biashara nyingine mnazofanya sasa?

Mshiriki wa kanisa anamwendea mzee wa kanisa, anasema kaka zake wamemnyima sehemu ya shamba kwa sababu ni mwanamke aliyeolewa, na kaka hao ni washiriki wa kanisa hilo hilo. Hesabu 27 na 36 zinawaongozaje katika kumsaidia? Nani aende kuzungumza na kaka hao, na aanze na neno gani?

Ikiwa zamu ya maji, zamu ya soko au zamu ya kazini inaangukia Sabato, ni nini ambacho mmekwisha kukifanya mapema, siku za kawaida, ili majirani wawe tayari kubadilishana nanyi?